Kalibu Bila Ijaza

Msomaji mpenzi, ni harufu iliyonipandisha ngazi siku ile. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali dada yangu, Mji wa Kale hapa Mombasa, baada ya sala ya alasiri, nikamkuta amekaa barazani ameziba pua kwa ushungi. Kumuuliza ana nini, akanyosha kidole juu, akanambia: "Panda ukamuulize mpwao. Mimi nyumba yangu imekuwa karakana."

Nikapanda. Chumba cha juu, ambacho marehemu baba yetu alikuwa akiwekea vitabu vyake, nilikiona kimegeuka. Vitabu vimesukumwa pembeni vikafunikwa shuka, katikati pamewekwa meza, na mezani pana ndoo, mizani ya jikoni, vikombe vya karatasi, na chapeo moja nyeupe yenye macho meusi, ya kutisha, isiyo na mtu ndani yake. Mpwa wangu alikuwa amevaa glavu na barakoa yenye vichujio viwili vya mviringo, akipaka kitu mfano wa asali juu ya kitambaa cha faibaglasi. Madirisha yote yalikuwa wazi. Aliponiona alinyosha mkono kunizuia.

"Shikamoo Mjomba. Kaa hapo mlangoni kwanza, usivute hewa hii."

Nikakaa juu ya ngazi kumngoja. Na katika kungoja huko ndimo nilimopata habari hii ninayokuandikia leo.

Kijana huyu husubu chapeo za maigizo. Si chapeo za kuvaa vitani wala za kupandia pikipiki, bali zile wanazovaa watu wanaopenda kujifananiza na wahusika wa filamu na hadithi. Huko Marekani na Uingereza kazi hii ina wenyewe wengi. Kuna chama kiitwacho 501st Legion, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1997, ambacho wanachama wake huvaa mavazi ya askari wa filamu za Star Wars, na katika mavazi hayo huenda kuwafurahisha watoto wagonjwa na kuchangisha fedha za sadaka. Wengi wao hutengeneza vifaa vyao wenyewe, nyumbani, katika banda la gari au juu ya meza ya jikoni. Hapa kwetu vijana wa Nairobi wameingiwa na mapenzi hayo hayo, na wengine hupiga simu hadi Mombasa kumtafuta mpwa wangu.

Dada yangu alikuwa na hofu yake nyingine, kwamba asije akawa mwanawe anamletea masanamu nyumbani. Nikamwambia hilo akamuulize maalim, kwani mimi ni mshairi, si mufti.

Ama wako watakaosema kuwa hii ni kazi ya kigeni isiyotuhusu. Lakini hebu tuyatazame maneno yake. Chapeo tuliipata kwa Wareno, na kwao ni kofia tu ya kawaida. Kalibu asili yake ni Kiarabu, na kwetu ni kile chombo chenye uvungu ambacho kitu kilichoyeyuka humiminwa ndani yake kikatoka na sura. Na huko kumimina ndiko kusubu. Siwa ya shaba ya Lamu ilisubiwa kwa njia ya nta: fundi aliifinyanga sura kwa nta, akaivika udongo, akaitia moto nta ikayeyuka ikatoka, kisha akamimina shaba mahali pake. Na hata rezini si mgeni kabisa. Karne ya 19 sandarusi, utomvu mgumu wa miti ya mwambao huu, ilikuwa ikichimbwa ardhini, ikapelekwa Unguja, na huko ikapakiwa katika merikebu za Salem, Marekani, ikaenda kufanywa vanishi. Rezini ya mpwa wangu haitoki mtini, hutoka viwandani, illa ni jamaa wa mbali wa sandarusi.

Kazi yenyewe, kama alivyonifundisha, huanza kwa udongo. Fundi huchukua kichwa cha plasta, akakipandika udongo wa mafuta usiokauka, akauchonga kwa siku, hata kwa majuma, mpaka apate sura aitakayo. Siku hizi wako wanaochora sura hiyo kwa kompyuta na kuichapisha kwa mashine, kisha wakaipiga msasa. Na udongo una sharti lake. Ukiwa na salfa ndani yake, silikoni ya aina ya platinamu haigandi pale inapougusa, hubaki ute unaonata, na kazi ya mwezi ikawa imeharibika kwa usiku mmoja.

Kisha hufuata hiyo silikoni, mpira mwororo unaopatikana kwa kuchanganya vitu viwili kwa vipimo. Mpako wa kwanza huwa mwepesi, hupakwa kwa brashi polepole ili uingie katika kila mkunjo, usiache povu. Mipako ifuatayo huwa mizito. Baada ya mipako mitatu au minne, chapeo ya udongo imevikwa ngozi ya mpira yenye unene wa nusu sentimita au zaidi, na kilo 2 hadi 4 za silikoni zimekwisha. Ngozi hiyo haiwezi kusimama peke yake, basi huvikwa gamba gumu la bandeji za plasta, zile zile za hospitali za kufungia mfupa uliovunjika, au gamba la faibaglasi kama watumialo mafundi wa mashua. Gamba hufanywa vipande viwili au zaidi, vikaunganishwa kwa bolti, ili liweze kufunguliwa. Udongo ukishatolewa, ndani hubaki uvungu wenye sura ya chapeo iliyogeuzwa. Hiyo ndiyo kalibu.

Rezini nayo ni viowevu viwili, na vikikutana huanza kupata joto na kuganda, vingine kwa dakika 3 tu. Fundi humimina kiasi kidogo, akaizungusha kalibu mikononi mwake kama mtu anayesuza mtungi, mpaka pande zote zipate. Safu ya kwanza ikishashika, hutia ya pili na ya tatu, mpaka ufike unene wa milimita 3 au 4. Kilo moja hivi ya rezini hutosha chapeo moja. Ikishapoa hutolewa, ikakatwa mabaki, ikapigwa msasa wa maji, ikapakwa rangi. Na kwa kuwa kalibu ya silikoni haivunjwi kama ile ya udongo ya mafundi wa kale, huweza kuzaa makumi ya nakala, kila moja ndugu ya mwenzake.

Isidhaniwe kuwa ni mchezo wa watoto. Rezini ya poliurithani ina kemikali iitwayo isosianati, ambayo mvuke wake waweza kumpa mtu pumu, na mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo baadaye humkaba. Rezini ya poliesta, hii ya mashua, ina harufu kali, huumiza kichwa, na hushika moto upesi. Vumbi la kupiga msasa nalo ni adui wa mapafu. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kidogo, mvuke haiuzuii, na ushungi wa dada yangu haukumfaa kitu. Nilimwambia mpwa wangu papo hapo kwamba kazi hii haikai katika nyumba anayolala mama yake. Aliinama, akasema, "Ni kweli, Mjomba," na juma lile lile akahamia banda la mafundi wa mashua, wazi kwa upepo. Na vijana wa bodaboda waliokuja kuzitazama chapeo hizo aliwakatalia katakata, kwani rezini ikipiga lami hupasuka vipande kama kigae.

Alipovua glavu na kuja kukaa nami ngazini ndipo aliponieleza haja yake. Ile chapeo nyeupe niliyoiona mezani haikuwa kazi ya mkono wake. Ililetwa na mteja wa Nairobi, ambaye aliinunua kwa fundi mmoja wa Uingereza, mtu anayefinyanga mwenyewe, akasubu mwenyewe, akauza moja moja. Mteja alitaka ifanyiwe kalibu zitolewe nakala 30, naye atakwenda kuziuza. Malipo yake yangetosha kubadili mabati ya nyumba, ambayo yameoza, na kila masika dada yangu hutega masufuria chumbani kwake. Kilichopungua ni fedha za kununulia silikoni. Na hapo jicho la kijana likanigeukia mimi.

Nikamuuliza: "Na huyo fundi wa Uingereza amekupa ruhusa?"

Akacheka. "Mjomba, hata Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema chapeo haina hakimiliki ya sanamu. Kasome."

Nilikwenda nikasoma. Kisa chenyewe kilianza mwaka 1976, ilipokuwa ikitengenezwa filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977. Askari weupe wa filamu ile walichorwa kwanza na msanii Ralph McQuarrie. Sura ya chapeo ikafinyangwa kwa udongo, kisha akapewa Andrew Ainsworth, fundi wa plastiki wa Twickenham, London, ambaye alifanya kalibu na kutoa chapeo 50 za filamu kwa njia ya kuvuta bamba la plastiki lililopashwa moto. Baada ya miaka mingi, mwaka 2004, Ainsworth alianza kuwauzia watu chapeo za namna ile. Kampuni ya Lucasfilm ikamshitaki, ikashinda Marekani mwaka 2006, ikaamuliwa ilipwe dola milioni 20. Uingereza mambo yalikuwa mengine. Tarehe 27 Julai 2011 Mahakama ya Juu iliamua kwamba chapeo ile ilikuwa kifaa cha kutengenezea filamu, na kwa sheria yao haihesabiwi kuwa sanamu ya sanaa, kwa hivyo haikulindwa kama sanamu. Lakini majaji hao hao walisema mahakama za Uingereza zaweza kusikiliza dai la kuvunjwa hakimiliki ya Marekani. Na dai la Ainsworth mwenyewe, kwamba haki ya chapeo ni yake yeye, lilikuwa limekwisha kukataliwa.

Nilirudi kwa mpwa wangu nikamwambia: umesoma, lakini umesoma nusu. Kwanza, hukumu ya London si kanuni ya Mombasa. Sisi tuna Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Pili, yule aliyeshitakiwa alikuwa mtu aliyezitengeneza zile chapeo za kwanza kwa mikono yake. Wewe mikono yako haikugusa udongo wa chapeo hii. Hukutoka jasho la kuutafuta mkunjo wa shavu lake wala kina cha jicho lake. Wataka kuanzia pale mwenzio alipoishia.

Wenyewe wenye kazi hii hulijua jambo hilo, na hulichukia mno. Kuchukua chapeo aliyosubu mwingine ukaifanyia kalibu bila ya idhini yake ni aibu kubwa kwao. Mtu akijulikana nayo hatengwi na kampuni wala serikali, hutengwa na mafundi wenzake. Na hujulikana kwa urahisi. Rezini hunywea kidogo inapoganda, kwa hivyo nakala iliyotokana na nakala huwa ndogo kuliko mama yake, na mistari yake huwa imefifia, na kila kikwaruzo cha yule mama hurithiwa na watoto wote. Mwizi huiba mpaka makovu.

Niliposikia hayo nilikumbuka chuoni. Sisi tuliosoma kwa ubao na wino tulifundishwa kwamba elimu haichukuliwi kama embe lililoanguka njiani. Mwanafunzi husoma kitabu mbele ya mwalimu wake mpaka mwisho, mwalimu akaridhika naye, kisha ndipo humpa ijaza, yaani ruhusa ya kukisomesha na kukipokeza wengine. Na ijaza ile ina silsila: fulani alipokea kwa fulani, naye kwa fulani. Kitabu chaweza kuwa mkononi mwako, umekinunua kwa fedha yako, maneno umeyahifadhi yote, na bado ijaza huna. Washairi wetu wa tendi nao walikuwa na ada ya kutaja majina yao katika beti za mwisho, ili wanakili wajapo kunakili, jina liende na kazi.

Nilikuwa nikimwambia kijana haya kwa sauti ya mtu mzima anayejua, kisha ulimi ukanikwama. Kwani nilikumbuka na jambo jengine.

Mwaka 1994, nikiwa kijana mwandishi mwenye haraka ya kujulikana, nilikwenda Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mzee mmoja alinikaribisha kwake siku tatu, akanilisha, na usiku akinisomea mashairi yake aliyoyatunga mwenyewe na kuyahifadhi kichwani. Niliyaandika daftarini. Niliporudi Mombasa nilitunga shairi, nikalichapisha, likasifiwa. Lakini beti nne katika lile shairi zilikuwa zake. Nilibadili vina viwili na neno moja moja, nikadhani zimekuwa zangu. Jina lake sikulitaja popote. Baada ya mwaka nilikutana naye gatini Lamu, ameshika gazeti lililokunjwa. Hakunitukana. Alinambia tu: "Mwanangu, nimejisoma gazetini, lakini sikujiona."

Nilimsimulia mpwa wangu kisa hicho, ambacho hata dada yangu hakuwa akikijua. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Na paa, Mjomba?"

Sikuwa na jibu la paa. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na neno lao ni la kweli, lakini methali haizibi tundu la mabati. Mwisho nilimwambia hivi: fedha ya silikoni nitakukopesha, kwa sharti kwanza umwandikie yule fundi umuombe ijaza. Akikubali, umshirikishe katika faida. Akikataa, mrudishie mteja chapeo yake, na silikoni uitumie kwa kazi ya mkono wako.

Akaandika. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Fundi alimshukuru kwa kuuliza, akasema wengi hawaulizi. Kisha akakataa, kwa kuwa chapeo ile ndiyo inayomlisha. Lakini aliongeza jambo ambalo hakuombwa. Alimtahadharisha kijana kwamba rezini ya poliurithani haipatani na unyevu wa hewa. Ikinywa maji hutoa gesi ikajaa matundu, kwa hivyo mtu wa pwani afunge makopo yake barabara kila mara. Mteja wa Nairobi naye alikuja kuchukua chapeo yake kwa hasira, akasema atapata wa kumfanyia. Huenda alimpata.

Haikupita muda, mwalimu mmoja wa michezo ya kuigiza akaja kutafuta chapeo 6 za askari wa Kireno, za mchezo wa wanafunzi juu ya kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, tangu mwaka 1696 mpaka Waomani walipoitwaa mwaka 1698. Mpwa wangu alitazama picha za chapeo za kale, zile zenye ukingo uliopinda juu mbele na nyuma, na upanga wa jogoo utosini. Akaketi na udongo majuma matatu. Ukingo wa kushoto aliubomoa mara nne. Nilikuwa nikipita jioni nikimkuta amenuna, nikipita tena nikimkuta anapiga mbinja.

Ya kwanza kusubiwa ilitoka imejaa matundu matundu, kama mkate wa kumimina uliochacha vizuri. Dada yangu alicheka mpaka akatoka machozi. Kijana alikuwa ameacha kopo wazi usiku mmoja, katika unyevu wa Mombasa, na barua ya fundi wa Uingereza iko mfukoni mwake. Alinunua rezini mpya, akasubu tena, na safari hii zikatoka safi. Akazipaka rangi ya chuma kilichoingia kutu. Ndani ya kila moja, mahali pasipoonekana na mtazamaji, aliandika jina lake na namba: 1, 2, mpaka 6.

Malipo ya chapeo 6 si malipo ya chapeo 30. Mabati yaliyonunuliwa yalitosha upande mmoja wa paa, ule wa chumba cha dada yangu. Upande wa pili, juu ya vitabu vya baba, tumetandika turubai, na masika yajayo tutaona. Dada yangu hakunung'unika, ingawa siku moja alinambia kwamba mimi nilimpa mwanawe nasaha ya bei ghali. Ni kweli.

Nami ilinipasa nilipe upande wangu. Zile beti nne za mwaka 1994 hazikuwa zangu, msomaji mpenzi. Ni za mzee wa Siyu, ambaye sasa yuko mbele ya haki, Mungu amrehemu. Jina lake sikuliandika hapa, kwani juu ya jina hilo nalo sina ijaza. Nimewaandikia wanawe kuwaomba. Wakiridhia, mtalisoma katika ukurasa huu, juu ya beti zake, bila ya jina langu kuwa karibu nalo.